Si kila jeni iliyoharibika ni "jeni ya kumbukumbu"

Mhariri,

Kichwa cha habari kinachotangaza "jeni ya kumbukumbu" huvutia macho, lakini mara nyingi hutangulia ushahidi. Sisi tunaofundisha kuhusu kumbukumbu kwa kutumia mnyoo Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita 1 na seli za neva 302 tu, tungependa wasomaji waelewe jaribio lenyewe.

Minyoo wa rika moja, waliotoka tu kukomaa, huoshwa na kuachwa saa moja bila chakula. Kisha hupewa bakteria huku mikrolita 2 za butanoni (kemikali yenye harufu) ya asilimia 10 zikiwa zimepakwa ndani ya kifuniko cha sahani. Saa nzima wanakula wakinusa, ili wahusishe harufu hiyo na chakula. Baadaye huhamishiwa sahani nyingine yenye butanoni upande mmoja na ethanoli upande wa pili, kila upande ukiwa na sodiamu azidi ya kuwapoozesha wanaofika. (Azidi ni sumu kali. Vaa glavu, usiichanganye na asidi wala kuimwaga kwenye sinki, maana ikigusana na shaba au risasi ya mabomba hutengeneza chumvi zinazolipuka.) Alama huhesabiwa hivi: walio kwenye butanoni, toa walio kwenye ethanoli, gawanya kwa wote waliotoka mahali pa kuanzia.

Hapo ndipo watu hukosea. Mnyoo asiyesikia harufu kwa sababu neva zake za kunusa ziitwazo AWC ni mbovu atapata alama duni. Kadhalika asiyeweza kutambaa vizuri. Hata agari, jeli ya kwenye sahani wanamotambaa, ina lawama: Nairobi ikiwa na baridi ya Julai, huchelewa kukauka, na minyoo hukwama kwenye majimaji bila jeni kuhusika. Kwa hiyo wasiofunzwa, wenye kasoro ileile, lazima wapimwe siku hiyohiyo kwenye agari iliyopikwa pamoja.

Jeni crh-1, inayotengeneza protini ya CREB ambayo huwasha jeni nyingine, imepita mtihani huo. Minyoo walioikosa hunusa, hutambaa, na hujifunza vizuri kwa somo moja, ambalo hata minyoo wasio na kasoro hulisahau baada ya saa mbili hivi. Lakini wakifunzwa mara saba kwa mapumziko ya nusu saa, wasio na kasoro hukumbuka baada ya saa 16, ilhali walioikosa crh-1 hawakumbuki.

Tunaomba mwandishi anayeletewa habari ya jeni mpya aulize kwanza alama za minyoo wasiofunzwa. Zikikosekana, habari hiyo isubiri.

Walimu wa biolojia,
Nairobi