Kamera moja ya Vincent Moon haikuwa kasoro

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala mliyoichapa Jumapili iliyopita kuhusu Vincent Moon, mwongozaji wa Kifaransa anayerekodi filamu za wanamuziki, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu amemweleza kama kijana wa mtandaoni aliyepata jina kwa bahati, ambaye picha zake hutikisika kwa kukosa fedha za kukodi mitambo, kisha akavishauri vikundi vyetu vya muziki vitafute watu wenye kamera nyingi na winchi za kuzibebea. Amekosea, na kosa lenyewe si dogo kwetu sisi tunaoishi kwa kupiga ala.

Mathieu Saura, maana hilo ndilo jina lake halisi, alizaliwa Paris mwaka 1979 na alianza na picha za mnato kabla ya kuingia kwenye filamu. Mwaka 2006, pamoja na Christophe Abric wa La Blogothèque, blogu ya muziki ya Ufaransa, alianzisha mfululizo uitwao Concerts à emporter, yaani maonyesho ya kufungiwa ukaondoka nayo, kama mtu anavyofungiwa chakula mkahawani. Wanamuziki walitolewa jukwaani wakapelekwa barabarani, kwenye ngazi au uani, wakapiga wimbo tangu mwanzo hadi mwisho, naye akawazunguka na kamera mkononi bila kuwasimamisha. Wakikosea wao, kosa linabaki. Akikosea yeye, linabaki vilevile. Mwaka 2007 aliwapata Arcade Fire wa Kanada ndani ya lifti ya mizigo ya ukumbi wa Olympia, Paris, wamebanana bega kwa bega na ala zao, na mmoja wao akawa anachana kurasa za jarida kwa mapigo ili mchaniko ule ushike nafasi ya ngoma. Nimeitazama filamu ile mara nyingi mno, na kila mara nasikia karatasi ikichanika kana kwamba niko mle ndani nao. Winchi ingeingia wapi mle?

Mwaka huohuo aliirekodi albamu nzima ya kundi liitwalo Beirut, wimbo mmoja mmoja, huko Brooklyn. R.E.M., kundi la Marekani ambalo lingeweza kumlipa mwongozaji yeyote duniani, lilimwita yeye. Filamu yake kuhusu mwimbaji wa Kijapani Kazuki Tomokawa ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Copenhagen mwaka 2009, na baadaye akaingia safarini kwa miaka mingi, nchi baada ya nchi, akirekodi waimbaji wa ibada na wa vijijini kwa mkusanyiko wake wa Petites Planètes. Kamera ilibaki mkononi mwake hata baada ya kupata jina, kwa hiyo hoja ya umaskini inaanguka.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu yametufika. Miaka kadhaa iliyopita walikuja kwenye klabu yetu ya taarabu watu wa kampuni moja ya filamu, sitaitaja, jioni ya mazoezi ambayo tulikuwa tumealika na wageni wachache. Chumba chetu kiko ghorofani na sakafu yake ni ya mbao. Kila mmoja wetu huvua viatu mlangoni, kwa adabu na pia kwa sababu ubao wa tatu kutoka dirishani hulia ukikanyagwa, na mpiga udi hukaa jirani nao. Wao waliingia na mabuti yao. Waliweka taa mbili kubwa mbele ya kanuni, ile ala yetu ya nyuzi nyingi, joto likalegeza nyuzi, mpigaji akawa hana kazi nyingine ila kukaza. Tulipoanza bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia, walitusimamisha kwa ajili ya kivuli; tukaanza upya, wakatusimamisha kwa ajili ya kiti; tukaanza tena, wakasema kamera ya pili haikuwa tayari. Mara ya nne tukafika kwenye wimbo wenyewe, na mwimbaji wetu, mama mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa amefika ubeti wa pili, pale anapolivuta neno la mwisho mpaka watu wanaguna, na mmoja wa wageni wetu ameshainuka na noti mkononi kwenda kumtunza. Kijana wa kamera akanyoosha mkono akamzuia yule mgeni, akamwambia arudi kukaa kwa kuwa amekatiza picha. Mwimbaji akanyamaza. Fidla nazo zikanyamaza moja baada ya nyingine, na yangu ilikuwa ya mwisho kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho. Taarabu bila kutunzwa ni nini, Mhariri? Usiku ule hatukupiga tena, na wale watu waliondoka wakilalamika kwamba sauti waliyorekodi ilikuwa imejaa vishindo vya mbao.

Tena sijagusia nakala. Walituahidi ya kwetu, na mpaka leo hatujaiona, wala hatujui sura zetu zinaonyeshwa wapi. Vikundi vingi tunavyofahamiana navyo vina kilio hichohicho. Moon ameziweka filamu zake nyingi mtandaoni bure, kwa leseni inayowaruhusu watu kuzigawana. Ile aliyoitengeneza na kundi la Efterklang katika kisiwa kimoja cha Denmark, iitwayo An Island, ilionyeshwa mwaka 2011 na watu wa kawaida majumbani mwao na popote walipoweza. Sharti lilikuwa pawe na nafasi ya watu wasiopungua 5 na asitozwe mtu kiingilio. Mimi ni mtu wa kisiwani, na jambo hilo limenigusa kuliko winchi zote za mwandishi wenu.

Naomba makala ile isahihishwe. Naomba pia vikundi vyetu viandike masharti ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kabla ya kumfungulia mlango mtu yeyote mwenye kamera: ahudhurie mazoezi mara moja akiwa mikono mitupu, aje na kamera moja, avue viatu, asisimame kati ya mwimbaji na anayekwenda kumtunza, wimbo ukianza asiukatize, na nakala imfikie katibu wa kikundi kwenye fleshi ndani ya siku 14. Anayeyaona mazito asije.

Mwandishi wenu namkaribisha kwa moyo mmoja. Tunafanya mazoezi baada ya sala ya Isha. Aache viatu mlangoni, nami nitamwonyesha ule ubao wa tatu.

Mpiga fidla,
Unguja Mjini