Kushtua gari: kibanio cha mwisho kisiwekwe kwenye betri

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalofanyika kila asubuhi kwenye maegesho, kwenye stendi za mabasi na kando ya barabara zetu, nalo ni kushtua gari ambalo betri yake imeisha chaji, yaani kuliwasha kwa kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa nyaya. Ni kazi fupi ambayo karibu kila dereva anaamini anaiweza, na kwa kiasi fulani anaiweza kweli, maana mwishowe gari huwaka. Lakini mimi niliyefanya kazi ya umeme wa magari hapa Morogoro kwa miaka mingi nimeona kwamba wengi huikamilisha kwa njia ya hatari, na hatari yenyewe iko hasa mahali wanapobana kibanio cha mwisho cha waya mweusi.

Betri za magari yetu mengi ni za risasi na asidi. Ndani ya betri ya volti 12 mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo, ndiyo maana betri iliyojaa, ikipimwa gari likiwa limezimwa na kupumzika, husoma takriban volti 12.6, na ikisoma chini ya 12 huwa imekaribia kuwa tupu. Betri inapopokea chaji, hasa chaji kubwa ya ghafla, sehemu ya maji yaliyomo huchanganuka na kutoa gesi za hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni huweza kushika moto ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyopo. Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au huku kwetu, maji ya betri hupungua upesi, na kadiri yanavyopungua ndivyo nafasi ya gesi kukusanyika juu ya pleti zake za risasi inavyoongezeka. Sasa mtu anayeinama juu ya boneti hubana kibanio cha mwisho kwenye ncha ya betri, na kibanio cha mwisho ndicho kinachokamilisha njia ya umeme, kwa hiyo ndicho kinachotoa cheche. Cheche na gesi vinakutana sentimita chache kutoka usoni pake.

Utaratibu salama hauhitaji kifaa cha ziada. Magari mawili yaegeshwe karibu bila kugusana, yote yazimwe, breki ya mkono ivutwe na gia iwekwe kwenye P au huru, na taa, redio na feni vizimwe. Waya mwekundu ubanwe kwanza kwenye ncha chanya ya betri iliyokufa, kisha upande wake wa pili kwenye ncha chanya ya betri nzima. Waya mweusi nao uanzie kwenye ncha hasi ya betri nzima, na upande wake wa pili, ambao ndio wa mwisho kabisa, ubanwe kwenye chuma kitupu kisicho na rangi cha injini ya gari lililokufa, kama vile boliti nene au mkono wa kuinulia injini, mbali na betri na mbali na mikanda na feni inayozunguka. Hakuna umeme unaopotea kwa kufanya hivyo, kwa sababu ncha hasi ya betri imeunganishwa na injini na bodi tangu kiwandani, na stata yenyewe, ile mota inayoizungusha injini ili iwake, imefungwa kwenye injini. Cheche itatoka vilevile, ila itatoka pasipo na gesi. Baada ya hapo gari linalosaidia liwashwe na kuachwa liunguruke dakika tano hivi ili betri iliyokufa ipate chochote, ndipo lile jingine lijaribiwe, kila jaribio lisizidi sekunde kumi na lifuatiwe na pumziko la dakika moja ili stata isiungue. Likishawaka, feni ya ndani iwashwe ili imeze mtikisiko wa umeme, kisha nyaya zifunguliwe kwa kurudi nyuma, kuanzia na ule mweusi uliobanwa kwenye injini.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimelisikia gereji: kwamba watu wanabana kwenye betri tangu enzi na enzi na hakijatokea kitu. Ni kweli kwamba mara nyingi upepo huipeperusha gesi kabla ya cheche kuifikia. Lakini betri inapopasuka haipasuki kama tairi. Hurusha vipande vya plastiki pamoja na asidi ya salfa, na anayevipokea ni yule aliyeinama. Asidi ikiingia jichoni, kulisugua jicho hata kidogo ni kosa. Lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali huku akiendelea kuoshwa ikiwezekana. Magadi ya kuokea hufaa kwa asidi iliyomwagika kwenye bodi au sakafuni, si jichoni. Na betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja isishtuliwe kabisa, hata kama mwenye gari ana haraka ya kuwahi msibani.

Jambo la pili ni malori. Morogoro iko kwenye barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Tunduma, hivyo mtu akikwama usiku, wa kwanza kusimama kumsaidia huwa ni dereva wa lori, na ukarimu huo ni wa kushukuriwa. Tatizo ni kwamba malori makubwa na mabasi hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa kufuatana, ilhali gari dogo ni la volti 12. Ukiunganisha mfumo mzima wa lori na gari dogo, balbu zinaungua, betri inachemka na kompyuta ya gari inaweza kufa hapo hapo. Madereva wazoefu hujibu kwamba wao huchukua betri moja tu kati ya zile mbili. Hapo ndipo panapohitaji umakini zaidi kuliko wanavyodhani. Betri iliyo upande wa chini kiumeme, si kimahali, ambayo ncha yake hasi imeshikana na chasisi, ndiyo pekee ambayo ardhi yake ni ile ile ya bodi. Ile ya juu yake, ncha yake hasi tayari iko volti 12 juu ya chasisi, kwa hiyo bodi za magari hayo mawili zikigusana, au mnyororo wa kuvutia ukilala kati yake, umezalisha shoti ya betri nzima ya chini kupitia nyaya ulizoshika mkononi. Usiku, kwa mwanga wa simu, kutambua ipi ni ipi si kazi ya kubahatisha. Ushauri wangu ni kwamba lori litumike kumpeleka mtu au kwenda kuita gari dogo jingine, na asiyejua kwa hakika mpangilio wa betri za lori lake asizitoe.

La tatu ni desturi ambayo naiona kuwa adui mkubwa wa magari ya kisasa: kuazima betri nzima, kuwasha gari kwayo, kisha kuichomoa injini ikiwa inaunguruma na kuirudisha ile iliyokufa. Desturi hii ilizaliwa wakati wa Peugeot 504 na Land Rover za zamani, magari ambayo hayakuwa na kompyuta ya kuogopa. Betri kwenye gari ni kama simtanki juu ya paa, ambalo hutuliza msukumo wa pampu kabla maji hayajafika bombani. Ukiliondoa pampu ikiwa inasukuma, kila kilichoko mbele kinapigwa na msukumo wote. Alteneta, yaani jenereta ya gari inayochaji betri, iliyokuwa ikisukuma umeme mwingi ghafla haina pa kuupeleka, na volti huruka kwa kitambo kidogo hadi makumi kadhaa, wakati mwingine karibu na 100 pale ambapo hakuna kinga, kwenye mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya 14. Kinachofuata ni dayodi za alteneta, redio, kompyuta ya injini au ya gia kuungua, na bei ya kompyuta moja hununua betri mpya kadhaa. Mwenye gari huambiwa kwamba gari lilikuwa na tatizo lake tangu awali.

Magari mengi tunayoagiza yakiwa yametumika kutoka Japani ni ya gia za otomatiki, na hayo hayawaki kwa kusukumwa, hata wakijitokeza vijana ishirini. La gia za mkono linaweza kuwaka likisukumwa kwenye gia ya pili, mradi betri isiwe tupu kabisa, kwa sababu pampu ya mafuta na kompyuta huhitaji umeme kidogo ili kufanya kazi. Kwa magari ya mseto, yanayotumia petroli na umeme, kama Toyota Prius, yasitumike kushtua gari jingine, na nyaya zake nene za rangi ya machungwa zisiguswe na asiye fundi wake, maana hubeba volti zinazozidi 200.

Kabla ya yote hayo, mtu ajiridhishe kwamba ni betri kweli. Gari likitoa mlio wa kugongagonga harakaharaka na taa za dashibodi zikififia, dalili ni ya betri dhaifu au vichwa vyake vyenye ukoko mweupe na wa kijani. Wakati mwingine kuvisafisha na kuvikaza kunatosha. Likigonga mara moja kwa nguvu na taa zikabaki kali, mtuhumiwa ni stata. Na injini ikizunguka kwa nguvu zote lakini isishike, tatizo liko kwenye mafuta au moto wa plagi, na kushtua kutachosha betri mbili badala ya moja.

Gari likishawaka kwa kushtuliwa, lisizimwe pale dukani jirani. Alteneta haikutengenezwa kuijaza betri iliyoisha chaji, bali kuitunza iliyojaa, na kuungurumisha gari likiwa limesimama hakuingizi cha maana. Mwendo wa nusu saa utalifikisha nyumbani, lakini betri yenyewe ipelekwe kuchajiwa polepole. Ya Ah 60 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) kwa ampea 5 au 6 usiku kucha ni bora kuliko ile chaji ya haraka ya saa moja inayoipasha moto. Kama ni betri ya vifuniko, iongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, si ya bomba wala asidi. Kisha gari lipimwe likiwa linaunguruma: mita ikisoma kati ya volti 13.8 na 14.4 alteneta iko salama, ikisoma chini ya 13 basi betri mpya utakayonunua leo nayo itakufa.

Juu ya nyaya zenyewe nina neno. Nyingi zinazouzwa barabarani huwa na mpira mnene na waya mwembamba ndani, wakati mwingine alumini iliyopakwa shaba, nazo hupata moto hata mkono usiweze kuzishika huku stata ikilia bila nguvu. Kwa gari dogo la petroli shaba yenyewe isipungue milimita 16 za mraba, na kwa dizeli au injini kubwa ni 25 na kuendelea, kwa sababu stata hunyonya ampea 100 hadi 200 na zaidi. Zile zinazotengenezwa na mafundi wetu kwa waya wa kuchomelea ni imara kuliko nyingi za dukani, isipokuwa zote mbili huwa nyeusi. Utepe mwekundu kwenye ncha mbili za mmoja wake ungezuia mtu kugeuza chanya na hasi, kosa ambalo huunguza fyuzi kuu na dayodi za alteneta kwa sekunde moja.

Kutokana na hayo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa shule za udereva: mwanafunzi asihitimu kabla ya kuunganisha nyaya kwa mikono yake, injini zikiwa zimezimwa, mbele ya mwalimu anayemuuliza kila kibanio kinakwenda wapi na kwa nini. Dereva anayetakiwa kuonyesha pembetatu na kizima moto anaweza vilevile kufundishwa jambo hili kwa saa moja. La pili ni kwako, Mhariri. Ukurasa wako wa magari huchapisha picha za magari mapya ambayo wengi wetu hatutayanunua; Jumamosi moja picha hizo zipishe mchoro wa magari mawili yaliyofunguliwa boneti, vibanio vinne vikiwa na namba 1 hadi 4 kwa mpangilio wa kubana, na namba 4 ionekane wazi iko kwenye injini. Kwa kuwa kurasa za ndani huchapwa kwa rangi nyeusi pekee, nyaya zitofautishwe kwa alama za kujumlisha na kutoa, na mchoro uwe mkubwa kiasi cha kukatwa na kukunjwa ukaingia kwenye kiboksi cha dashibodi.

Msomaji wako,
Fundi umeme wa magari,
Morogoro