Wanaohudumia wagonjwa majumbani wapewe nauli

Mhariri, naandika kuhusu watu wanaojitolea kuhudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, hasa wa kansa, huku kwetu Dodoma. Mgonjwa anatoka Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar, kilomita kama 450, anarudishwa nyumbani Bahi au Mpwapwa na chupa yake ya mofini, dawa ya maumivu makali, nesi hawezi kumfikia kila siku, sasa nani anamgeuza asipate vidonda, nani anampokea zamu mama aliyekesha? Ni hao hao wa kujitolea, na nauli ya bodaboda wanatoa mfukoni kwao, jamani hii si haki kabisa.

Naomba halmashauri ziwatengee hela ya nauli na glovu, halafu manesi wawafundishe kutambua maumivu yakizidi. Makanisa na misikiti nayo iandikishe watu, vijana wa vyuo hapa mjini wapo wengi tu.

Msomaji wenu,
Dodoma