Msizibe valvu ya hita inayodondosha maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwaeleze wasomaji wenzangu, hasa wenye nyumba za wageni hapa Mtwara, hatari ya kuziba valvu ya usalama ya hita ya maji, yaani ile inayotoa maji presha ikizidi ndani ya tangi, kwa sababu tu inadondosha.

Fundi niliyemwita nyumbani kwangu Shangani alitaka kuifunga kwa kizibo cha chuma, nami nikamkatalia, ingawa alinuna. Lita 100 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya lita moja, na kwa kuwa maji hayashindiliki, presha ndani ya tangi lisilo na njia ya kupumulia hupanda upesi hadi tangi kupasuka. Kwa hiyo matone machache wakati wa kupasha ni kazi halali ya valvu hiyo.

Ikidondosha hata hita ikiwa imezimwa, huenda imeingia uchafu, au presha ya bomba la mtaani ni kubwa mno, jambo linalojitokeza zaidi usiku watumiaji wengi wakiwa wamelala. Hapo mwenye nyumba afungiwe kipunguza presha karibu na mita ya maji, au hita ilishwe kutoka simtanki lililo juu ya mnara, ambapo kila mita 10 za kimo hutoa presha ya takriban bar 1 tu. Bafu litatiririka kivivu kidogo, lakini tangi litakuwa salama.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara