Nipo Tanga, ila ya Berlin

Shoga angu,

Voisi zako zote tisa nimezisikiliza jana usiku, ile moja ni dakika saba nzima za kunitukana tu, nimecheka mpaka wa chumba cha pili kanigongea ukuta. Sijawa mzungu. Nilikaa kimya kwa sababu kila nikitaka kuandika yanakuja malalamiko matupu, na wewe nakujua, ungetoka hapo mguu mosi mguu pili mpaka kwa bi mkubwa ukampandishe presha.

Haya, na lile swali lako eti huku Ujerumani hela zinaokotwa. Zinaokotwa! Wallahi sikutanii. Ukinunua soda ya plastiki unatozwa senti 25 za chupa yenyewe, ukimaliza unairudisha supamaketi, unaitumbukiza kwenye mashine inaimeza, inatema risiti, unapewa chako kaunta. Sa kuna watu hawana muda huo, wanaziacha chupa chini pembeni ya pipa makusudi ili asiyenacho azichukue, jioni unawaona wazee wa kizungu kabisa, makoti safi, wanapita na mifuko. Kuna bibi mmoja nilimkuta anachungulia pipa kwa tochi ya simu, siku ile chakula hakikupita. Siku hizi na mimi naokota, usimwambie mtu. Chupa nne euro moja.

Maana hizo nyingine mnazodhani ninazo, sina. Ada kweli hamna, chuo cha serikali unalipa mchango wa muhula tu, lakini kabla ya viza si waliniambia niweke benki euro 11,904, na huzitoi unavyotaka, unaachiwa 992 kwa mwezi basi. Kiwanja cha Pongwe unajua kilikoenda. Chumba 480, bima ya afya, kinachobaki ndo kula ndo kuvaa ndo kila kitu.

Halafu wiki ya pili tu nikapigwa faini ya 60. Treni za chini huku hazina geti wala konda, unaingia tu kama kwenu. Tiketi nimenunua, ninayo mkononi, kumbe pale stesheni kuna kikasha unatakiwa uigonge muhuri kabla hujapanda, nani kaniambia? Vijana wawili wamevaa kihuni huni, mmoja na kofia ya sufu, mimi najua abiria wenzangu, mlango unafungwa tu wanatoa vitambulisho. Nimeeleza weee mpaka Kiingereza kikaniishia. Haijagongwa, basi. Nikashuka nikakaa kwenye benchi napiga hesabu, laki na themanini hiyo ya kwetu, nikawakumbuka makonda wa Ngamiani, hata nauli ikipungua mnaelewana.

Chuo kizuri lakini. Kipindi kikiandikwa saa nne kinaanza saa nne na robo, ni utaratibu wao wa miaka na miaka, na mimi mchelewaji unavyonijua nimefika Ulaya nikakuta robo saa yangu imehalalishwa. Kilichonitisha ni siku ya kwanza, profesa kamaliza kuongea, darasa zima likaanza kugonga meza kwa ngumi, ko ko ko ko. Nikasema leo mzee wa watu kafanya nini jamani? Kumbe ndo makofi yao. Sasa hivi nagonga kuliko wote.

Ila nilichotaka kukwambia hasa ni hiki. Naishi mtaa unaitwa Wedding, kaskazini huku, pana maduka ya Waafrika, unga wa sembe unapata. Sa Jumapili moja kila kitu kimefungwa, nikatoka kutembea nisije nikaongea na kuta, nakunja kona naona kibao: Sansibarstraße. Nikasema he! Naenda mbele, Ugandastraße. Usambarastraße. Halafu, shoga, nikakutana na TANGASTRASSE. Straße ni barabara. Nilisimama pale kama nimepigwa shoti. Kamtaa kenyewe kadogo, kimyaa, saa kumi na moja jioni giza totoro, na mimi nahangaika kujipiga picha na kibao vidole vimekufa ganzi.

Akatoka mama mmoja mzee na kimbwa chake, kanitazama, akauliza nimepotea? Nikamwambia hapana, mimi natoka Tanga. Akasema ndiyo, hapa ndo Tangastraße. Nikamwambia hapana mama, TANGA, mji, una bahari. Yule mama kakaa pale miaka mingi tu, muda wote alidhani Tanga ni jina la mtu! Ikabidi nimfungulie ramani, akaisogeza kwa kidole mpaka Raskazone, akaniuliza maji yana joto? Nikamkaribisha nyumbani, ila habari ya waja leo waondoka leo nikanyamaza.

Si kwamba walituwekea majina kwa mapenzi, walikuwa wanajisifia makoloni yao. Hapo hapo jirani kuna barabara ilipewa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani tuliyemwita Mkono wa Damu, wakati wa Hitler, 1939. Watu wamepigania jina litoke miaka mingi, 2024 likatoka, na kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nimekipita mara nne siku hiyo bila shida yoyote, kwenda na kurudi.

Na yule mjusi wa Lindi, yule dinosaria tuliyemsoma shuleni, nimemwona kwa macho yangu, makumbusho huku, mita 13 kwenda juu, shingo mpaka inachosha kuangalia. Walimchimba Tendaguru kuanzia 1909, yaani moshi wa Maji Maji bado haujaisha, wapagazi wakambeba kipande kipande kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Watoto wa shule wanapiga kelele chini yake. Mimi nilisimama pembeni nikamwambia shikamoo.

Picha ya kibao nimekutumia, usiipost kabla sijamwonesha bi mkubwa. Mwezi wa pili kuna dada anatoka huko, nitakupa namba yake, mpe iliki ya Muheza na kanga doti moja. Jina chagua wewe, ila zile za mafumbo uache, huku hakuna jirani wa kuzisoma.

Shoga yako