Mgonjwa aelezwe kabla ya kupasuliwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie hofu ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Mdogo wangu alipopangiwa kujifungua kwa upasuaji, alisaini fomu ya ridhaa bila maelezo, kisha akakesha akilia. Wodini aliambiwa sindano ya mgongo, ile ya ganzi ya upasuaji, hupoozesha. Asubuhi mtaalamu wa dawa za usingizi na ganzi alikaa naye dakika chache tu: utakuwa macho, utahisi kuvutwavutwa lakini si maumivu, miguu itakuwa mizito kwa saa kadhaa kisha itarudi. Akatulia. Kwa nini hakuambiwa jana yake?

Maelezo hayo pia ni usalama. Ndugu wengi humpa mgonjwa uji kwa huruma, wasijue kwamba anatakiwa kukaa walau saa 6 bila chakula ili kisipande na kuingia mapafuni akiwa usingizini.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kila hospitali muuguzi aketi na mgonjwa na ndugu yake mmoja siku moja kabla, kwa Kiswahili chepesi, waulize maswali yote. Fomu isainiwe baada ya hapo.

Msomaji wenu,
Morogoro