Irabu za "Yehova" ni za kuazima

Mhariri,

Wanaobishana katika safu hii kama jina la Mungu ni Yehova au Yahweh wanaruka jambo la kwanza, nalo ni maandishi yenyewe. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti. Jina hilo lina herufi nne, yodi, he, vav, he (YHWH), kutoka kulia kwenda kushoto, nalo limo zaidi ya mara 6,800 katika Biblia ya Kiebrania. Alama za irabu zilitiwa na wanazuoni waitwao Wamasora, kati ya karne ya 7 na ya 10 BK. Kufikia hapo Wayahudi walikuwa wameacha zamani kulitamka, kwa heshima. Msomaji akilifikia husema Adonai, yaani Bwana.

Wamasora hawakuthubutu kugusa konsonanti. Walizivika irabu za Adonai, kumkumbusha msomaji atamke nini. Asiyeijua kanuni hiyo husoma vyote kwa pamoja, akapata Yehova. Na kwa nini "e" mwanzoni, si "a"? Kwa sababu alefu, herufi ya kwanza ya Adonai, ni ya kooni, hudai alama yenye mlio wa "a", yodi haidai.

Mwenye shaka afungue Ezekieli, ambako Adonai na jina hilo hufuatana mara kwa mara. Hapo irabu hubadilika zikawa za Elohimu, yaani Mungu, ili msomaji asiseme Adonai mara mbili. Irabu za asili zingebadilishwaje na neno jirani?

Yahweh nalo ni kadirio, ila lina mguu wa kusimamia. Ufupisho Yah tunao katika haleluya, Yahu katika Eliyahu, yaani Eliya. Tena Theodoreto, askofu wa karne ya 5, aliandika kwa Kigiriki kwamba Wasamaria walitamka Iabe, na "b" hiyo wakati huo ilisikika kama "v".

Kuhusu maana, Kutoka 3:14 inalifungamanisha na kitenzi cha kuwa. Wataalamu wengine huona humo "anayefanya viwepo", lakini sarufi peke yake haiamui.

Wanaodai jina lilibuniwa baadaye watazame jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la karne ya 9 KK, lililopatikana Dhiban, Yordani, mwaka 1868. Herufi zote nne zimo, pale mfalme anapojisifu kuwa aliteka vyombo vya YHWH huko Nebo.

Msomaji wenu